Tiba, Uponyaji au Tulizo: Milio ya Bakuli Iitweje?

Bakuli ni la shaba iliyochanganywa na bati, zito kuliko linavyoonekana. Mpigaji hulikalisha kwenye kimto, akaligonga ubavuni kwa mchi mfupi uliovikwa ngozi, kisha akauzungusha mchi huo polepole ukingoni. Mchi hunasa na kuponyoka, hunasa na kuponyoka, mara nyingi katika kila sekunde, kama kidole kilicholowa kinapozungushwa kwenye mdomo wa glasi. Bakuli huanza kuvuma. Na kwa kuwa lilifuliwa kwa nyundo na uduara wake haukukamilika, hutoa milio miwili iliyokaribiana mno. Mmoja ukiwa na mitetemo 200 kwa sekunde na mwingine 204, sikio husikia mvumo mmoja unaopanda na kushuka mara 4 kila sekunde. Wasikilizaji waliolala kwenye mikeka hufumba macho.

Shughuli hii ilishika kasi Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970. Albamu ya Tibetan Bells, iliyotolewa na Henry Wolff na Nancy Hennings mwaka 1972, ilichangia sana kuyatangaza mabakuli ya Himalaya, ambayo mengi yanayouzwa leo hutengenezwa Nepal na India. Siku hizi hupatikana pia katika hoteli za ufukweni Zanzibar na kumbi za yoga za Nairobi. Kwa Kiswahili majina mawili huja upesi mdomoni: uponyaji kwa sauti na tiba ya sauti. Yote mawili yana kasoro, na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu afya za watu, kasoro hizo si ndogo.

Tuanze na sauti. Neno hili hubeba kwanza sauti ya mtu. Mwalimu aliyekaukiwa koo baada ya muhula mrefu, akisikia kuna tiba ya sauti, atadhani ametajwa yeye. Kiswahili hakina haja ya kujibana hapo, maana kina mlio, mvumo, mrindimo na mwangwi, na kila neno lina mahali pake. Chuma na shaba hulia, ngoma hurindima, upepo huvuma. Kwa bakuli na kengele, neno lililo karibu zaidi na kitu chenyewe ni milio.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mgonjwa hutibiwa, kisha hupona au asipone. Kutibu ni kazi ya mtu. Kupona ni matokeo, na anayejiita mponyaji ameshayaahidi matokeo kabla hajaanza kazi. Tiba nayo ina masharti yake: ugonjwa unaojulikana, kipimo, na mtu aliyesomea. Zipo sauti zilizotimiza masharti hayo. Mwaka 1980 mjini Munich, Ujerumani, madaktari walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa mawimbi ya mshindo, wakayavunja mawe bila kumpasua. Muziki nao umepata nafasi yake hospitalini. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuo ambacho leo kinaitwa Michigan State University kilianzisha mafunzo ya shahada ya tiba ya muziki, na hospitali za askari waliorudi kutoka vitani zikawa na kazi kwa wataalamu hao. Hiyo kweli ni tiba.

Na mabakuli je? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya watu 62 waliosikiliza mabakuli hayo. Baada ya kipindi, mkazo, hasira na uchovu wao vilikuwa vimepungua. Ni habari njema, ila hapakuwa na kundi la pili la kulinganishwa nao, la watu waliolala kimya tu kwa muda uleule. Kwa hiyo haijulikani ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na shaba, na kiasi gani na mkeka, giza na simu iliyozimwa.

Utafiti mwingine, wa Uswisi, uliotoka mwaka 2006, unafaa kukumbukwa kila sauti inaposifiwa. Watu 25 wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini walihusishwa, na baadhi yao walifundishwa kupuliza dijeridu, gogo refu lenye uwazi la wenyeji wa asili wa Australia. Baada ya miezi 4, waliopuliza walikuwa na usingizi mchache wa mchana, na usumbufu waliopata wenzi wao usiku ulipungua. Maelezo ya watafiti hayakuwa mvumo uliofika masikioni. Walieleza kwamba kupuliza kulifanyisha mazoezi misuli ya koo.

Jina linaloendana na ushahidi uliopo, basi, ni tulizo la milio. Tulizo ni neno la kawaida, halimtishi mtu, na halimwambii mgonjwa wa presha aache vidonge vyake.

Wapo watakaosema pwani ilitangulia zamani, kwa ngoma za kupunga pepo. Kweli, huko kila pepo huwa na ngoma yake, na mganga hubadilisha mapigo mpaka mgonjwa aitikie. John Janzen, aliyefanya utafiti Dar es Salaam na miji mingine mitatu, aliandika kitabu kizima mwaka 1992 kuhusu ngoma kama uganga. Lakini mambo haya mawili yasichanganywe. Kwenye ngoma mgonjwa huzungukwa na ndugu, majirani na deni la karamu. Pepo huulizwa anataka nini, na jamaa hujibu. Kwenye mkeka wa yoga kila mtu yuko peke yake na pumzi zake.

Hata vifaa vinahitaji majina. Sahani kubwa ya shaba inayoning'inizwa na kugongwa, mtu akiitohoa kutoka Kiingereza ataipata gongo, na Tanzania gongo ni pombe haramu. Hakuna sababu ya kufika huko, kwa kuwa Kiswahili kina upatu, ala ya shaba iliyopigwa pwani kwa vizazi vingi.

Linabaki jina la anayeketi katikati ya mabakuli. Mganga halimfai: serikali ya Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na huyo ni daktari. Mponyaji limeshajadiliwa. Aitwe mpiga bakuli, kwa kanuni ileile iliyotupa mpiga zeze na mpiga zumari, na tangazo lake litaje muda wa kipindi, bei, na kwamba upatu hautapigwa karibu na masikio ya mtu.