Mgeni, Barua na Mkoba: Historia ya Raundi ya Wageni katika Klabu za Gofu za Nairobi

Raundi ya mgeni ni desturi ya klabu binafsi za gofu ya kumruhusu mtu asiye mwanachama kucheza mashimo 18 kwa siku aliyopangiwa na kwa masharti ya wenyeji. Nairobi desturi hii ina zaidi ya karne moja. Mitaa ya Eastlands kama Huruma, pamoja na jirani yake Mathare, imehusika nayo kwa muda mrefu kupitia kazi moja: kazi ya makedi, wanaobeba mikoba ya fimbo na kumwongoza mchezaji uwanjani.

Chimbuko lake ni Uskoti, ambako gofu ilikua kwenye ardhi ya kichanga kati ya bahari na mashamba, isiyofaa kwa kilimo. Wachezaji wa Edinburgh walioandika kanuni zao mwaka 1744 walichezea Leith, mahali pa umma ambapo mtu yeyote angeweza kupita. Baadaye walihamia Musselburgh, kisha mwaka 1891 wakajitengea kiwanja chao Muirfield. Ardhi ilipokuwa ya watu binafsi, mgeni naye akawa wa kuomba ruhusa. Muirfield iliwatengea wageni Jumanne na Alhamisi, na ombi lilipelekwa kwa katibu kwa barua. Wanawake waliweza kucheza hapo kama wageni, lakini uanachama waliupata tu baada ya kura ya wanachama ya mwaka 2017. St Andrews ilibaki na njia nyingine: ardhi yake ni ya umma, na nafasi nyingi za kucheza kwenye uwanja wake maarufu, Old Course, hutolewa kwa bahati nasibu.

Uingereza ilikuja na mchezo huo Afrika Mashariki mapema. Entebbe ilipata klabu mwaka 1901, Nairobi mwaka 1906 na Mombasa mwaka 1911. Wa Mombasa ndio uwanja uliokaribiana zaidi na asili ya Uskoti: mashimo 9 ufuoni, karibu na kivuko cha Likoni, na upepo wa Bahari Hindi ukiusukuma mpira kando. Nairobi haikuwa na bahari wala mchanga wa pwani. Katika viwanja vingi vya bara, mahali pa shimo palitandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta badala ya nyasi, na mchezaji aliusawazisha kabla ya kupiga mkwaju wa mwisho.

Muthaiga Country Club ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1913, kaskazini mashariki mwa mji, kwa ajili ya walowezi na maofisa. Kiwanja cha gofu cha Muthaiga kilianza kama sehemu ya klabu hiyo kabla ya kuwa na klabu yake. Karen Country Club ilifuata mwaka 1937, ng'ambo ya pili ya mji. Klabu hizi zilijengwa kwa mfano mmoja. Mwanachama alipendekezwa na wanachama wengine, akajadiliwa, ndipo akakubaliwa. Mgeni aliingia kwa mdhamini: mwanachama aliandika jina la mgeni wake katika daftari, akawajibika kwa mwenendo wake, na hata kinywaji cha mgeni kilitiwa saini na mwenyeji, kwa kuwa ndani ya klabu za aina hii fedha taslimu zilionekana kama ukosefu wa adabu. Aliyetoka Uingereza au koloni nyingine bila rafiki Nairobi alibeba barua ya katibu wa klabu ya kwao, yenye kueleza kwamba ni mtu wa heshima na kutaja handikapu yake, yaani kipimo cha uwezo wake wa kucheza. Klabu zilizopatana zilipokea wanachama wa wenzao kana kwamba ni wao, na mapatano ya namna hiyo yapo hadi leo.

Mwafrika hakuweza kuingia kwa barua yoyote. Aliingia kwa kazi: mpishi, mhudumu, mkata nyasi au kedi. Naye alikuwa na karatasi yake. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kuwa na kipande, yaani cheti cha usajili, akikibeba ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Basi kwenye shimo la kwanza walisimama wawili wenye hati, mmoja ya kumkaribisha na mwingine ya kumdhibiti, na yule wa pili ndiye aliyekuwa mwenyeji wa nchi. Wahindi na Wagoa, waliofungiwa milango hiyohiyo, walianzisha klabu zao za michezo. Ubaguzi huo ulilegea uhuru ulipokaribia, na baada ya Desemba 1963 Waafrika wenye vyeo na mali walianza kuingia kama wanachama. Utaratibu wa mapendekezo, kura na mdhamini haukuguswa. Kilichobadilika ni nani aliyeweza kuumudu.

Wakati huohuo upande wa pili wa bonde la Mathare ulikuwa unajaa watu. Makao ya Mathare yalivunjwa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, yakarudi na kupanuka baada ya uhuru, na kuanzia miaka ya 1970 Huruma ilikua kwa kasi, hadi ikawa mtaa wa maghorofa yaliyobanana kati ya Juja Road na Mto Mathare. Kutoka hapo hadi Muthaiga ni kilomita chache tu. Kijana aliyetaka kibarua cha siku aliamka alfajiri, akapita Mathare, akavuka Thika Road na kufika kwenye banda la makedi kabla ya wachezaji wa kwanza. Barabara hiyo haikuwa na madaraja mengi ya waendao kwa miguu hadi ilipopanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2012. Bandani msimamizi aliwagawa makedi kwa zamu na kwa daraja la ujuzi. Asiyepata mchezaji alirudi nyumbani mikono mitupu.

Ujuzi huo ndio unaofanya raundi ya mgeni iwezekane. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na katika hewa hiyo nyepesi mpira huruka mbali kuliko pwani. Mgeni aliyezoea Mombasa au Uskoti hupiga kwa fimbo aliyoizoea, mpira ukapita bendera na kuingia vichakani. Nyasi nazo ni kizuizi: kikuyu, jamii ya nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni nene na hukamata mpira mahali ambapo ardhi ya Uskoti ingeuacha uviringike. Kedi mzuri huchagua mojawapo ya fimbo 14 zinazoruhusiwa na kuitoa kabla hajaulizwa. Kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, huchuchumaa nyuma ya mpira, akatazama nyasi zinakolalia, kisha akaonyesha kwa kidole mahali pa kulenga, ambapo mara nyingi ni mbali na shimo lenyewe. Kazi hiyo imeitwa kubeba mkoba kwa miaka mingi, na jina hilo linaidunisha.

Kenya Open, mashindano ya gofu yaliyoanza mwaka 1967, yaliuleta ulimwengu Muthaiga. Mhispania Seve Ballesteros alishinda hapo mwaka 1978. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya waliotokea katika miaka hiyo walijifunza mchezo wakiwa makedi, kwa fimbo za kuazima na kwa kutazama makosa ya wengine. Jacob Okello aliukaribia ubingwa mwaka 1998, akashindwa katika mchujo wa mwisho na Ricardo González wa Argentina. Tangu mwaka 2019 mashindano hayo yamo katika ratiba kuu ya Ulaya, na hadi mwaka 2025 hakuna Mkenya aliyeyashinda.

Masharti ya mgeni wa leo ni mepesi kuliko ya mwaka 1913. Klabu nyingi hupokea maombi kwa simu au barua pepe, hudai uthibitisho wa handikapu, ambao tangu mwaka 2020 hutolewa kwa mfumo mmoja wa dunia, na humtoza asiye na mwenyeji ada kubwa kuliko anayeletwa na mwanachama. Wikendi nafasi hubanwa na mashindano ya wanachama. Shati lenye kola bado ni lazima. Kwa kuwa raundi huchukua saa nne au zaidi na giza huingia kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, anayeanza baada ya saa nane mchana huenda asimalize. Na katika msimu wa mvua za masika, saa za asubuhi ndizo salama zaidi. Ada ya uwanja hulipwa ofisini kabla ya mchezo. Ya kedi kwa kawaida haimo ndani yake, na hulipwa kando baada ya shimo la 18.