Bei ya Unga Kitale na Lodwar: Hii Ramani Ilichorwa Zamani

Kila unga ukipanda, mabishano huwa ni yale yale. Mtu wa Kitale anasema gorogoro ya mahindi kwao ni bei ya kutupa, mtu wa Lodwar haamini, wa Mombasa anacheka kwa uchungu, halafu mmoja anafunga mjadala: "Serikali iweke bei moja nchi nzima, kwisha maneno." Watu wanapiga makofi. Mimi hapo ndipo hushindwa kunyamaza, kwa sababu bei moja si wazo jipya. Tulishakuwa nayo. Nyanya zetu na mama zetu waliishi ndani yake kwa miaka mingi sana, na ukiwauliza watakwambia ilikuwaje.

Sitaandika bei za wiki hii. Ukisoma haya mwezi ujao zitakuwa zimebadilika na utaniita mwongo. Ninachotaka kuangalia ni ile tofauti yenyewe: kwa nini mahindi yakitoka shambani Trans Nzoia yakaenda kama kilomita 300 kaskazini hadi Lodwar yanakuwa bidhaa nyingine kabisa. Wengi watasema ni mabroka. Broka simtetei, lakini alikuta hiyo tofauti ikiwa hapo. Hakuizaa yeye.

Kwanza lakini tujue tunalinganisha nini, maana hapa watu hudanganyana. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Debe lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne. Gunia letu la kilo 90 ni lile gunia la Mwingereza la ratili 200, tulihamia kilo tukabaki na gunia. Pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na huko hesabu ilikuwa safi kuliko hii yetu. Kwa sababu mkebe unaweza kugongwa kitako ukaingia ndani kidogo, na mama anayekuuzia anajua, na wewe unajua, na hakuna anayesema kitu. Kwa hivyo ukisikia gorogoro soko fulani ni rahisi, uliza kwanza kitako kikoje.

Sasa turudi nyuma. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Hiyo tulisoma shule. Kitu ambacho hatukukazaniwa ni matawi yake. Thika 1913, Eldoret 1924, Kitale 1926. Chukua ramani ufuate hayo matawi kwa kidole: yanaenda kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka wa 1922 kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Bowring ilipendekeza mahindi yawe zao la kuuza ng'ambo, na nauli ya kuyabeba kwa reli ipunguzwe ili mlowezi apate faida. Ikawa hivyo. Yaani gunia la mlowezi lilikuwa na njia ya bei nafuu kutoka nyanda za juu hadi melini Mombasa.

Lodwar je? Hakuna reli. Kitale iko karibu na Lodwar kuliko ilivyo karibu na Nairobi, lakini karibu hiyo ni ya ramani tu. Tena sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na Turkana ilikuwa kati ya zilizofungwa. Mgeni kuingia alihitaji ruhusa. Mfanyabiashara naye ni mgeni. Kwa hivyo tangu mwanzo nchi hii ilijengwa mahindi yashuke kuelekea baharini. Kupanda kaskazini hakukuwa katika mpango wa mtu yeyote.

Halafu ikaja 1942. Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, jeshi linataka chakula, na serikali ya kikoloni ikaanzisha udhibiti wa mahindi. Kuanzia hapo mahindi hayakuwa tena kitu ambacho unaamka asubuhi ukakiuza kwa unayemtaka. Serikali ndiyo mnunuzi, serikali ndiyo inayopanga bei, na kazi ya kununua na kuhifadhi ilipewa Kenya Farmers' Association, ambacho kilikuwa chama cha walowezi wenyewe. Ebu fikiria hiyo: mpinzani wako sokoni ndiye ameshika mizani. Mzungu alilipwa bei ya juu kwa gunia, Mwafrika akalipwa ya chini, mahindi ni yale yale. Huo ulinganisho wa bei ndio ningependa watu waanze nao wakitaka historia ya unga Kenya.

Mwaka uliofuata, 1943, njaa iliuma sana hadi serikali ikaunda tume ya kuchunguza uhaba wa chakula. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo, kwa sababu kilicholiwa ni unga wa mihogo ulioletwa kutoka mbali. Watu wetu hawakuandika takwimu za bei, lakini waliipa kila njaa jina, na majina hayo ukiyasoma vizuri ni rekodi ya soko.

Uhuru ulikuja 1963. Ungedhani udhibiti wa vita ungezikwa na mkoloni, lakini wapi. Bodi ilibadilisha jina, ndilo tu. Mwaka wa 1966 ikawa bodi ya mahindi na mazao, 1979 ikaunganishwa na ya ngano tukapata NCPB, hii tunayoijua ya maghala makubwa. Kazi ilibaki ile ile: kumnunulia mkulima kwa bei moja nchi nzima, na unga wa dukani kuwekewa bei ya juu kabisa isiyopaswa kuvukwa. Kulikuwa na haki fulani ndani yake, lazima niseme. Mkulima wa mbali na barabara alipata bei sawa na wa karibu, na hakuna broka ambaye angempa hiyo hata kidogo. Wakulima wengine mpaka leo wanaililia.

Shida ilikuwa kwenye kitu kimoja ambacho kizazi chetu hakikijui kabisa: kibali. Huwezi kuwa na bei moja ikiwa watu wanaruhusiwa kubeba mahindi yao kutoka mahali yalipo mengi hadi mahali hayapo, kwa sababu wakibeba, watauza kwa bei ya huko. Kwa hivyo kuvusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila karatasi lilikuwa kosa. Magunia machache tu ndiyo uliweza kubeba bila kuulizwa. Kwenye vizuizi vya barabarani mahindi yalitafutwa.

Nyanya yangu aliishi Trans Nzoia na dada yake aliolewa Kapenguria, Pokot Magharibi. Hapo ni karibu, matatu inakufikisha kabla hujamaliza kuchoka. Lakini ilikuwa wilaya nyingine. Aliniambia walikuwa wakipakia mahindi chini, juu yake kabichi, juu ya kabichi nguo za watoto. "Mjukuu wangu," akasema, "tulificha mahindi kama watu wanavyoficha chang'aa." Nilimuuliza kama aliwahi kushikwa. Akanijibu kwamba kabichi moja ilikuwa inatosha. Sikumuelewa mara moja. Kabichi ilikuwa ya askari.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kitale mahindi yamejaa na mkulima hana ruhusa ya kuyapeleka kwingine, kwa hivyo anamuuzia jirani kwa bei ya chini au anasubiri bodi imlipe, na bodi ilikuwa na sifa ya kuchelewa. Huko juu mahindi hayapo, na machache yanayofika yamelipiwa kibali, yamelipiwa kizuizi, yamelipiwa na hofu. Tofauti ya bei kati ya hizo sehemu mbili haikwenda kwa mkulima wala kwa mlaji. Ilikwenda kwa mwenye karatasi. Na karatasi haikupewa nyanya yangu, ilipewa mtu anayejulikana ofisini. Ile sheria ya bei moja ndiyo iliyotengeneza bei mbili, moja ya gazeti la serikali, nyingine ya sokoni.

Wakamba wana jina la njaa ya miaka ya 1980 ambalo kwangu linamaliza huu mjadala wote: Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama "nakufa na nimeshika", nimeshika pesa mkononi. Watu walikuwa na shilingi. Bei ilikuwepo, imepangwa, imetangazwa. Kilichokosekana ni mahindi. Ukilinganisha bei ya Machakos na ya Kitale wakati huo kwa kusoma matangazo ya serikali, hungeona njaa yoyote. Ukame wa 1984 ulipokuja, nchi iliagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani, na wazee hadi leo wakiyataja wanakunja uso, ati chakula cha mifugo.

Mwisho wa 1993 ndipo soko la mahindi lilifunguliwa, na vibali vya kuvusha mahindi kati ya wilaya vikafa. Haikuwa kwa sababu viongozi walimwonea huruma nyanya. Wafadhili na mabenki ya nje walikuwa wamebana, na serikali ilikuwa imevuta kamba miaka kadhaa, inafungua leo inafunga kesho. Lakini matokeo yalionekana mitaani. Malori yakaanza kusafiri na mahindi mchana kweupe, vinu vya posho vikazagaa, na mtu wa kipato kidogo akaanza kununua gorogoro akasage mwenyewe badala ya kungoja pakiti. Mkulima naye aligundua kwamba broka akija na pesa taslimu wakati wa kulipa karo, bei anaipanga broka. Sisemi 1993 ilikuwa Krismasi kwa kila mtu.

Kwa hivyo kibali kimekufa, mbona Lodwar bado ni ghali? Kwa sababu barabara nayo ni kibali. Mwaka wa 1965, Sessional Paper namba 10 ilisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa haraka, yaani penye mvua, ardhi nzuri na usafiri tayari. Soma tena hayo maneno: usafiri tayari. Palipopata reli ya mlowezi pakapata na lami ya uhuru. Kaskazini ikaambiwa ingoje.

Ilingoja kweli. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita kama 500, ilikamilika kuwekwa lami karibu 2017. Kabla ya hapo lori lilichukua siku mbili, tatu, na mvua ikinyesha hakuna aliyekuahidi chochote. Dereva, turuboi, magurudumu yaliyopasuka, kulala porini, ulinzi wa majambazi: vyote vilikuwa ndani ya bei ya kilo ya maharagwe Marsabit. Watu wa huko wakisafiri kuja kusini walisema wanaenda Kenya, na sisi tulidhani ni utani. Kwa mtu anayenunua nyanya iliyosafiri siku tatu, Kenya ilikuwa mbali kweli. Na ndiyo maana miji ya mipakani huko imezoea sukari, tambi na mchele wa kutoka upande wa Somalia. Ukiwa Mandera, bahari ya Somalia iko karibu zaidi na sahani yako kuliko ghala la Eldoret, hata kama karatasi zinasema wewe ni Mkenya.

Huku magharibi na kusini mpaka unafanya kazi kinyume, unashusha bei. Busia inakula mahindi ya Uganda, Namanga inapitisha ya Tanzania. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya sumukuvu, malori yakajipanga mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti. Siku chache tu, lakini zilitosha kumkumbusha nyanya yangu zile kabichi.

Turudi kwa wale wa bei moja. Mei 2017 pakiti ya kilo mbili ilipitiliza shilingi 150, serikali ikaishusha kwa ruzuku hadi 90. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikashushwa kutoka kama 205 hadi 100. Mara zote mbili bei ilikuwa moja na ilitangazwa kwa sauti kubwa. Mara zote mbili watu waliingia dukani wakakuta rafu tupu, au wakaambiwa pakiti moja kwa kila mteja, au wakaambiwa unga wa bei hiyo haujafika huku. Mara nyingi aliyeambiwa "haujafika huku" ni yule yule wa mwisho wa barabara. Mjini ruzuku ilifika kwanza, kama reli.

Simaanishi serikali ikae ikitazama. Ingeweka pesa hizo za ruzuku kwenye ghala lenye mahindi kabla ya ukame, karibu na Lodwar na Mandera, na kwenye lami, tungekuwa na kitu kinachobaki baada ya uchaguzi. Lakini lami haiwezi kushangiliwa kwa wiki nne.

Kwa upande wangu, siku hizi nikimpigia mtu wa kaskazini kumuuliza gorogoro ni ngapi kwao, nauliza pia mkebe umegongwa au la, na lori la mwisho lilifika lini. Hilo la lori ndilo wanalojibu kwa kirefu.