Kinanda na Pumzi Zetu

Injili ilifika Taita mapema. Wray wa CMS alianza kazi Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1892 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura, jirani zetu hapa Mwatate. Kwaya yetu ni mtoto mbele ya miaka hiyo.

Kinanda chetu cha kwanza kilikuwa cha kukanyaga, mivukuto yake ikiwa na viraka kuliko kanzu zetu. Sauti ya gitaa hufifia yenyewe. Ya kinanda hicho haikomi mpaka kidole kiinuke. Basi ufundi uko kwenye kuinua. Mwalimu wetu alisisitiza tusome maneno kabla ya noti: penye mkato, inua mkono, watu wavute pumzi. Noti ileile ikirudiwa bila kuinua, zinasikika kama moja. Na mahali pa kutiririka, kidole hupokewa na kingine juu ya noti hiyohiyo kabla hakijaachia.

Kilipokuja cha umeme, chenye midundo ndani, tulifurahi kupita kiasi, tukiri. Midundo ile haimsubiri mtu. Wazee wetu wa besi walikosa pa kupumua, na wawili wakaacha mazoezi. Tulivutana karibu mwaka mzima. Mwishowe midundo ikazimwa kwa nyimbo za kitabuni, ikabakia kwenye mapambio. Wazee walirudi. Leo wako safu ya nyuma, na mpiga kinanda huvitazama vifua vyao kabla ya kubonyeza noti ya kwanza.