Supu Isiyo na Mfupa

Mtu ashukaye Feri, pale wavukapo watu kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Likoni, akiagiza supu hutarajia mfupa. Mboga zilizopikwa kwa tui mpishi ataziita mchuzi, wala hakosei.

Saumu iliyozoeleka zaidi katika Mji wa Kale, yaani ya Waislamu, huzuia chakula chote mchana. Jua likisha kutua, nyama ni halali. Kwaresima ya Wakatoliki ni ya namna nyingine, kwani huchagua pia kitakacholiwa. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1917 zilikataza nyama siku za kujinyima, na pamoja nayo maji yaliyochemshiwa nyama. Hata minofu ikiopolewa yote, supu ilibaki imekatazwa.

Kwaresima ililetwa kisiwani na Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Sultani Yusuf bin Hasan alilelewa Goa na mapadre wa Mtakatifu Agustino, akabatizwa. Mwaka 1631 aliwaasi Wareno, akaiteka ngome na kurudia Uislamu. Wareno walirudi, wakaja kushindwa mwaka 1698. Chungu kingali kinawakumbuka. Nyanya, pilipili na maharagwe asili yake ni Amerika, na hayakujulikana huku kabla ya safari zao. Kunde ni ya Afrika yetu. Mbaazi ilitoka Bara Hindi.

Kunde hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa mpaka ziive kabisa. Ndipo vitunguu, nyanya na mchicha hufuata. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usitoke chunguni, maana likikatika hakuna dawa. Unono wa nazi hushika nafasi ya mafuta ya mfupa.

Lakini msomaji aulize: mchukuzi wa bandarini aliyekula kunde mwaka mzima kwa kukosa fedha ya nyama, Kwaresima ilimnyima nini? Swali hilo ni zito kuliko la mfupa. Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alitofautisha nchi tajiri na maskini, akawaruhusu maaskofu kuweka matendo ya huruma mahali pa kujinyima nyama. Katika sheria hiyo mpya nyama ilitajwa. Maji yake hayakutajwa tena.