Nyoka wa Kitochi

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wengi waliiita kitochi, kwa sababu ya tochi yake. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti ambako umeme ulikuwa haujafika, tochi hiyo ilikuwa na kazi zaidi kuliko gemu ya nyoka: kwanza ng'ombe zizini, nyoka baadaye.

Tazama kioo: nukta 96 kwa 65, bila rangi. Ndiyo maana nyoka hapindi kwa upole. Anakata kona kali, kwa kubonyeza 2, 4, 6 au 8. Hasimami, hageuki kurudi alikotoka. Kila akila anarefuka, hadi mkia wake mwenyewe unakuwa adui.

Nyoka wa kwanza wa Nokia, kazi ya Mfini Taneli Armanto, alikuja na simu ya 6110 mwaka 1997. Yule akigonga ukuta, amekufa. Huyu wa 1100, wa toleo la pili, hutokea upande mwingine (kwa maoni yetu, amedekezwa).

Nyoka wa simu za kupapasa ana rangi na hufuata kidole kwa ulaini. Lakini hapo kidole gumba hakisikii kitufe kikibonyea, wala hakikisii kona kabla ya kuifikia.