Waliobeba masanduku ya Upemba: historia ya kazi za kiangazi mlimani

Lubumbashi ni mji wa kazi. Ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville, na mpaka leo mtu akikutana na mwenzake wa umri mmoja, swali halichelewi kuja: baba yako alitumika wapi? Mmoja atajibu Union Minière, leo Gécamines. Mwingine atajibu reli. Mwingine atasema baba yake alipikia Wazungu nyumbani. Kila jibu lina heshima yake, maana watu wanajua kazi hiyo ilikuwa nini: king'ora cha asubuhi, nyumba za kambi, posho ya kila juma.

Lakini wako wakaaji wa mji huu ambao jibu lao halieleweki upesi. Ni wale waliotoka Mitwaba na vijiji vya kandokando, wengi wao wakikimbia vita. Wakisema baba au babu alitumika mlimani, kwenye mbuga, miezi ya kiangazi tu, aliyeuliza hunyamaza. Hiyo ni kazi gani? Ni kazi ya kweli, na historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri.

Mbuga yenyewe ni Upemba. Iko kaskazini ya mji, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara inayopitia Likasi. Upande wa chini kuna mabwawa na ziwa Upemba, penye joto na mbu, ambapo kituo cha Mabwe kiko kwenye mita 585 tu juu ya usawa wa bahari. Upande wa juu kuna milima ya Kibara. Kituo cha Lusinga kiko kwenye mita 1,760, na Mukana, karibu na hapo, inafika mita 1,810. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa huko juu una baridi ambayo watu wa mabwawani hawaizoei. Mtu aliyepanda kutoka ziwani kwenda kutumika Lusinga alibeba blanketi kabla ya kubeba kitu kingine chochote.

Serikali ya Wabelgiji ilitangaza mbuga hiyo tarehe 15 Mei 1939. Wakati huo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 17,730. Iliwekwa chini ya taasisi ya mbuga za Kongo ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1934, na sheria yake ilikuwa kali: hakuna kuwinda, hakuna kukata miti, hakuna kulima, hakuna kujenga.

Sheria hiyo haikukuta pori tupu. Bonde la Upemba ni mojawapo ya mahali palipokaliwa na watu tangu zamani sana katika Afrika ya kati. Mwaka 1957 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu, vitu vya chuma na misalaba midogo ya shaba, mali ya watu walioishi hapo karne nyingi zilizopita. Waluba wanahesabu bonde hilo kuwa chimbuko la ufalme wao. Kwa hiyo mstari uliochorwa mwaka 1939 ulipita juu ya njia za uwindaji, mahali pa kuvua samaki na mahali pa kuzika wafu.

Hapo ndipo kazi ya kiangazi ilipoanzia. Mtu aliyekatazwa kuingia porini kwa ajili ya nyama yake aliitwa kuingia porini humo humo kwa ajili ya mshahara. Na mshahara ulihitajika, maana kodi ya kichwa ilidaiwa kwa pesa. Tena hiyo ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya pili. Mwaka 1942 serikali iliongeza siku za kazi ya lazima mashambani kutoka 60 kwa mwaka mpaka 120. Kijijini palikuwa na mtu wa kulazimisha kazi, na kwenye mbuga palikuwa na mtu wa kuikataza. Katikati ya hao wawili, kazi ya miezi michache mlimani haikuwa mbaya.

Ilifuata hali ya hewa. Mvua inapokatika kati ya mwezi wa nne na wa tano, mito inashuka na barabara zilizokatwa na maji zinaanza kupitika. Kwanza watu walifungua barabara na kutengeneza upya madaraja ya miti. Kisha ulikuja moto. Nyasi za mlimani huchomwa mapema, zikiwa bado na unyevu kidogo, kipande kwa kipande, ili moto mkubwa wa mwezi wa nane na wa tisa usikute kitu cha kula. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua upepo wa mahali, anayejua ni asubuhi ipi moto utatambaa na ni asubuhi ipi utaruka. Baadaye kulikuwa na kukata majani ya kuezekea nyumba za walinzi, na kubeba mizigo ya doria. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi zilipoanguka, kapita alilipa watu, na kila mmoja akarudi kwenye jembe lake.

Kisha ukaja mwaka 1946, na kazi kubwa kuliko zote. Mbelgiji mmoja, Gaston-François de Witte, mtaalamu wa nyoka na vyura, aliongoza msafara wa kuchunguza kila kiumbe cha Upemba. Msafara huo ulidumu mpaka 1949. Haukukaa mahali pamoja. Ulihama kutoka Lusinga mpaka Mabwe, kutoka Kaswabilenga mpaka Kanonga na Ganza, ukishuka na kupanda milima pamoja na mahema, vyandarua, chupa za dawa ya kuhifadhia wanyama, na masanduku. Vitu hivyo havikutembea vyenyewe. Wapo waliovibeba, waliopika, waliofyeka mahali pa kambi, walioingia majini kutafuta vyura na kugeuza mawe kutafuta wadudu.

Ujuzi wao haukutoka shuleni. Anayejua chura yupi analia usiku wakati gani, au nyoka yupi anajificha katika kichuguu kipi, ni mtu aliyekulia hapo. Ujuzi ule ule uliomfanya mtu aitwe mwizi wa nyama mbele ya hakimu ulimfanya atafutwe wakati wa msafara.

Matunda ya kazi hiyo yalikwenda Ubelgiji. Taasisi ya mbuga ilichapisha vitabu vingi kuhusu msafara huo kule Brussels, kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi. Kwenye jalada la vitabu hivyo yameandikwa majina matano: G.F. de Witte, na pamoja naye W. Adam, A. Janssens, L. van Meel na R. Verheyen. Mmoja alishughulika na konokono, mwingine na wadudu, mwingine na maji, mwingine na ndege. Hakuna jina la sita katika orodha hiyo ya msafara. Wadudu wadogo kabisa wa Upemba walibandikwa karatasi yenye jina la kijito walikokamatwa, kimo cha mahali na tarehe ya siku hiyo. Mikono iliyowakamata haikupata nafasi kwenye karatasi hiyo.

Jambo moja laonyesha thamani ya masanduku hayo. Ndani yake zilikuwamo ngozi na pembe za swala wa majini aina ya leshwe, waliopatikana katika mabwawa ya Upemba miaka ya 1947 na 1948. Zilikaa katika makumbusho ya Ubelgiji zaidi ya nusu karne. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja, Cotterill, alizipima upya na kuona kwamba swala hao si sawa na wale wa Zambia. Akawapa jina la kitaalamu, Kobus anselli, kwa heshima ya Ansell, mtaalamu wa wanyama aliyetumika Zambia. Dunia ikaambiwa kwamba Katanga ina mnyama wake mpya. Kwa wavuvi wa ziwa Upemba hakuwa mpya.

Mwaka huo huo, 2005, wajukuu wa wabebaji wa masanduku hayo walikuwa wakilala porini.

Kati ya safari hizo mbili mengi yalikuwa yamepita. Uhuru ulikuja mwaka 1960, pamoja na kujitenga kwa Katanga kulikokwisha Januari 1963. Tarehe 30 Novemba 1970 serikali ilitangaza mbuga ya pili ya mlimani, Kundelungu, iliyo karibu zaidi na Lubumbashi na inayojulikana kwa maporomoko ya Lofoi yenye zaidi ya mita 300. Tarehe 22 Julai 1975 mipaka ya Upemba ilipunguzwa. Sehemu inayolindwa kabisa ikabaki na kilomita za mraba kama 10,000. Kazi ya kiangazi iliendelea, ila ilikonda. Pesa ya Zaïre ilipopoteza thamani, mshahara wa miezi mitatu haukutosha kununua chumvi na nguo za shule. Na vita vya miaka ya 1990 vilipokwisha kupita, silaha zilibaki mikononi mwa Mai-Mai.

Tarehe 28 Mei 2004, mwanzoni mwa kiangazi, kituo cha Lusinga kilishambuliwa. Waliouawa hawakuwa walinzi tu. Watu wa familia zao walikufa pia. Kuanzia hapo eneo kati ya Mitwaba, Pweto na Manono lilipata jina ambalo kila msikilizaji wa redio analijua, pembetatu ya mauti. Mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006 maelfu ya watu waliacha vijiji, wengine wakafika Dubie, wengine Mitwaba mjini, wengine wakaendelea na njia mpaka Likasi na Lubumbashi. Kiongozi wa kundi hilo, Gédéon Kyungu, alijitoa Mitwaba mwezi wa tano 2006, lakini mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, na moto ukawaka upya. Desemba 2012 msimamizi mkuu wa Upemba, Atamato Madrandele, aliuawa. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi kwenyewe, na hapo hata wenyeji wa mji walielewa kidogo wale wageni walikuwa wanakimbia nini.

Tangu 2017 taasisi ya taifa ya mbuga, ICCN, inasimamia Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks. Huko bado wako punda milia wa mwisho wa Kongo nzima. Barabara zilihitaji tena mikono, na nyasi zilihitaji tena kuchomwa mapema. Lakini Machi 2025 watu wenye silaha waliingia tena Lusinga. Kwa familia iliyofikiria kurudi kiangazi hicho, habari hiyo ilitosha kufunga tena mizigo iliyokuwa imefunguliwa nusu.

Ndiyo maana swali la baba alitumika wapi si swali dogo. Aliyekimbia anafika mjini bila shamba, bila nyumba, mara nyingi bila karatasi hata moja. Jirani anamwona kama mtu aliyeanza maisha siku aliyoshuka kwenye lori. Kumbe nyuma yake kuna vizazi vitatu vya kazi, na sehemu ya kazi hiyo imehifadhiwa kwa uangalifu katika makabati ya Brussels.

Lubumbashi inajua namna ya kutunza habari za aina hii. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya wenzake waliotumikia Wazungu jikoni. Leo kitabu chake kinasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ukiongozwa na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu, umekusanya kumbukumbu za wafanyakazi na za mitaa. Wapishi walipata mwandishi wao, na watu wa migodi walipata wa kuwasikiliza.

Wa mlimani nao wapo. Wamekaa Katuba, Ruashi, Kampemba na kwenye viwanja vya pembezoni mwa mji. Mzee aliyechoma nyasi za Lusinga akiwa kijana bado anakumbuka kapita wake aliitwa nani, walikuwa wangapi kwenye kambi, na nani hakurudi. Mjukuu ana daftari la shule na kalamu. Kiangazi kimoja cha jioni za baridi, mbele ya mbabula, kinatosha kuandika majina hayo.