Nyimbo Zilizovuka Bahari

Tuni tuziimbazo zina asili yake. Katika karne ya 19 watu wa Marekani walinunua nyimbo zilizopigwa chapa katika karatasi, maneno pamoja na noti za kinanda, wakaziimba nyumbani mwao. Joseph P. Webster alitunga tuni ya "Lorena" mwaka 1857, wimbo wa mapenzi uliopendwa na askari katika vita vya 1861 hata 1865. Naye huyo huyo mwaka 1868 akatunga tuni ya wimbo wa mbinguni, "Sweet By and By". Mwaka huo Charles C. Converse alitunga tuni tuimbiayo "Yesu Kwetu ni Rafiki".

Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Desturi yao siku zile ilikuwa kuimba ibadani kwa sauti nne, pasipo kinanda. Basi kazi ya vidole ikawa kazi ya vinywa, na kila sauti ikahitaji watu wake.

Kwa hiyo, walimu, tusiwafundishe watoto sauti ya kwanza peke yake. Mzee ajuaye besi akifariki bila kumrithisha kijana, wimbo hubaki paa lisilo na nguzo.